Kusimama kwa Mguu Mmoja kwenye Yoga: Mwongozo Kamili kwa Wale Wanaanguka Kila Mara

Swali ambalo watu wananiuliza sana, awe ni mtu wa Kisumu, Nakuru, Kakamega ama Bungoma huko, ni lile lile tu: mbona nikiinua mguu nahesabu moja mbili nimeanguka, na kwa vidio huyo dada anasimama hapo kama hana shida za dunia? Alafu mtu anamalizia kwa kusema mwili wake haukuumbwa kwa hii mambo. Mimi hukataa. Ukiwaangalia wanaoanguka, karibu wote wanafanya kitu kimoja: wanainua mguu kabla hawajahamisha mzigo. Mwili bado uko katikati ya miguu miwili, mguu mmoja unang'olewa ghafla, sasa hapo ulitarajia nini? Lazima uanguke, hata kama una misuli ya mchezaji wa raga.

Kwa hivo huu mwongozo unaenda pole pole makusudi. Pozi ya Mti, ile kila mtu anaitaka, inakuja hatua ya tano. Kabla ya hapo ni kazi ya nyayo, nyonga na macho. Ukitaka kuruka mbele ruka tu, sitakuzuia, lakini najua utarudi hatua ya tatu.

Nitatumia maneno mawili kila mara: mguu wa kusimama, yaani ule uko chini umebeba mwili, na mguu wa kuinua.

## Vitu unahitaji

Ukuta. Hii ndio ya kwanza na ndio watu wanaidharau. Tafuta ukuta wazi, usio na picha, soketi wala dirisha la kioo hapo karibu.

Sakafu ngumu isiyoteleza. Simiti ya kawaida ni sawa kabisa. Taili ziwe kavu, na ile simiti imepakwa polishi nyekundu ikang'aa, achana nayo ama utandike kitu kisichoteleza. Mkeka wa mafunjo, ile ya pale Dunga, ni mzuri wa kukalia lakini juu ya simiti unasonga na wewe, usiusimamie kwa mguu mmoja.

Mkeka wa yoga, kama uko nao. Uwe mwembamba, milimita 4 hadi 6 hivi. Watu wananunua ile minene ya povu wakidhani ni bora kwa sababu ni laini, kumbe inafanya kazi iwe ngumu zaidi manake unyayo unazama na kila kitu kinayumba. Kama huna mkeka, miguu mitupu kwenye simiti inatosha, usingoje mshahara.

Kiti kizito cha mbao. Kiti cha plastiki ni chepesi, ukikiegemea kinakukimbia. Kama ndio uko nacho, kisukume mpaka kiguse ukuta ndio ukitumie.

Stuli ndogo ya jikoni, ile fupi ya kukalia ukisonga ugali. Itatumika mwishoni.

Karatasi moja ya daftari. Utaona kazi yake.

Nguo iwe ya kawaida ya kufanyia mazoezi, lakini kuna vitu viwili hakuna mtu huwaambia. Kwanza, usijipake mafuta miguuni kabla ya kuanza, kwa pozi ya Mti unyayo utateleza kwenye paja na utadhani balansi yako ndio mbaya. Pili, taiti zile za kung'aa zinateleza vilevile, kaptura ama suruali ya pamba ni afadhali. Soksi vua.

Na saa? Kisumu fanya mapema, saa kumi na mbili ama saa moja asubuhi kabla jua halijawa kali, manake joto likipanda nyayo zinatoa jasho na zinateleza. Nakuru mna shida ya upande ule mwingine, asubuhi za Julai ni baridi na vifundo vimekauka, kwa hivo hatua ya kwanza iongezeni dakika. Na usifanye ukiwa umetoka kula ugali sahani imejaa, ngoja masaa mawili matatu.

## Nani aongee na daktari kwanza

Kama una kizunguzungu cha mara kwa mara, presha ambayo haijatulia, kifundo kiliteguka juzi juzi, ama wewe ni mtu mzima umewahi kuanguka nyumbani, ongea na daktari ama fiziotherapisti kwanza. Mwenye ugonjwa wa sukari na miguu ina ganzi awe makini zaidi: nyayo zako hazikupi habari kamili kuhusu sakafu, kwa hivo balansi ni ngumu kwa sababu ya haki, na ukitembea miguu mitupu unaweza kukatwa na usijue. Huyo afagie kwanza, ashikilie ukuta muda wote, na akimaliza akague nyayo zake.

Wajawazito, ukuta ama kiti karibu kila wakati. Tumbo likikua mzigo unasonga mbele na hesabu ya balansi ya mwezi jana haifanyi kazi mwezi huu.

## Hatua ya 1: Amsha nyayo na vifundo

Unyayo mmoja uko na mifupa 26, na siku nzima tumeifungia kwa kiatu. Kuiomba ghafla ibebe mwili mzima pekee yake ni uonevu.

Kaa kwa kiti. Zungusha kifundo kimoja mara kumi kulia, kumi kushoto, alafu kingine. Inua vidole vyote vya mguu vikae hewani visigino vikiwa chini, alafu jaribu kushusha kidole gumba pekee yake vingine vikibaki juu. Kwa wengi haitakubali siku ya kwanza, ni sawa, endelea tu kujaribu, hata kukisaidia na mkono inaruhusiwa.

Simama sasa ushike kiti, panda kwa ncha za vidole na ushuke pole pole mara kumi. Pole pole kwa kushuka ndio muhimu. Kushuka kwa kishindo hakufundishi kifundo chochote.

Dakika tatu zinatosha. Ukihisi nyayo zimepata moto kidogo, songa mbele.

## Hatua ya 2: Mlima, yaani kusimama vizuri na miguu miwili

Wale wa yoga huiita Tadasana na watu wanaipita haraka kwa sababu inaonekana ni kusimama tu. Ni kusimama, ndio, lakini angalia wewe husimama aje: mzigo wote kwa visigino, goti moja limelegea, nyonga imetupwa upande kama mtu anangoja matatu ya Kondele.

Weka miguu sambamba, katikati ibaki nafasi ya ngumi mbili. Sasa tafuta sehemu tatu za unyayo: ile nyama nono iko kwa mzizi wa kidole gumba, nyingine kwa mzizi wa kidole cha mwisho, na katikati ya kisigino. Zote tatu zikae chini kwa uzito sawa. Yumba mbele kidogo, yumba nyuma, yumba kando, mpaka uhisi umefika mahali zote tatu zinasukuma sakafu.

Ukifika hapo, vuta mzizi wa kidole gumba kuelekea kisigino bila kukunja vidole. Unyayo hautasonga, lakini utahisi lile tao la ndani linainuka kidogo. Hiyo ndio injini ya kila pozi inayokuja.

Magoti: nyooka lakini usiyafunge nyuma. Goti likisukumwa nyuma kabisa unaning'inia kwa mishipa ya goti na misuli inaenda likizo, alafu mguu hauwezi kurekebisha mwili ukianza kuyumba. Lilegeze kidogo sana, kiasi kwamba mtu mwingine hataona.

Kutoka kiunoni kwenda juu, simama vile mama akibeba mtungi wa maji kichwani husimama. Shingo ndefu, kidevu hakijainuliwa, mbavu hazijatupwa mbele, mabega yamelegea. Hakuna mtu hubeba mtungi akiwa ameinama kiuno.

Umefaulu kama: unaweza kusimama hivo pumzi kumi bila vidole vya miguu kung'ang'ania sakafu. Vidole vikikunjana kama vinataka kuchimba, ujue mzigo wako uko mbele sana, urudishe nyuma kidogo.

## Hatua ya 3: Hamisha mzigo kabla ya kuinua chochote

Hapa kaa sana. Kama una siku moja tu ya kusoma hii kitu, soma hapa.

Simama kwa Mlima, ukuta ukiwa upande wako wa kushoto, karibu kiasi cha kuugusa kwa vidole. Tunasimama na mguu wa kushoto. Bila kuinua kitu, sogeza nyonga yako kuelekea kushoto pole pole, mwili wote ukienda pamoja nayo, usiinamishe kichwa wala bega pekee yake. Utahisi unyayo wa kushoto unakuwa mzito na wa kulia unakuwa mwepesi. Endelea mpaka pua yako, kitovu chako na katikati ya unyayo wa kushoto viwe karibu mstari mmoja.

Umbali huo unashangaza watu. Ni mkubwa kuliko mtu anavyofikiria, na ndio mahali karibu kila mtu anadanganya mwili wake, anasogea robo ya safari alafu anainua mguu na kusali.

Sasa ile karatasi. Iweke chini ya unyayo wa kulia, ule utainuliwa baadaye. Hamisha mzigo kushoto alafu mwambie mtoto, ama yeyote yuko hapo nyumbani, avute karatasi. Ikitoka bila kukwama na bila wewe kuyumba, mzigo umehama kweli. Ikikwama ama ikiraruka, bado uko katikati. Watoto wanapenda hii kazi kupita kiasi, tafuta karatasi za akiba. Kama uko pekee yako, jaribu kutelezesha mguu wa kulia na karatasi yake mbele na nyuma kama unapangusa sakafu; ikiteleza laini, sawa.

Ukipita mtihani wa karatasi, inua kisigino cha kulia tu, vidole vibaki chini. Pumua mara tatu. Rudisha. Alafu inua kisigino, kisha mguu wote sentimita mbili tu kutoka sakafuni, si zaidi. Rudisha pole pole, ukigusa chini kimya kimya. Fanya mara tano, geuka, ukuta uwe upande wa kulia, ufanye na mguu ule mwingine.

Kwa nini sentimita mbili? Juu kwa urefu huo hakuna mtu anakushangilia, kwa hivo hutakuwa na haraka, na pia ukikosea mguu unarudi chini mara moja bila drama.

Kuna kitu kingine cha kuangalia hapa: nyonga. Mguu ukiinuka, nyonga ya upande wa mguu wa kusimama hupenda kutokeza nje, alafu ile ingine inashuka. Misuli ya pembeni ya matako ndio kazi yake kuzuia hiyo. Weka mikono kwenye mifupa miwili ya mbele ya kiuno uhisi kama iko usawa mmoja. Kama mmoja umeshuka, sukuma sakafu chini kwa unyayo wa kusimama kama unataka kuwa mrefu zaidi, na nyonga itapanda yenyewe.

Onyo: usishike pumzi. Kila mtu hushika. Pumzi ikifungwa kifua kinakakamaa na mwili unakuwa kipande kimoja kigumu ambacho hakiwezi kujirekebisha. Kama huwezi kuongea sentensi moja ukiwa hapo juu, umeshika pumzi.

Umefaulu kama: mguu unainuka na sehemu ingine ya mwili haishtuki. Mtu akikutazama kuanzia kiunoni kwenda juu hafai kujua ni saa ngapi mguu umetoka sakafuni.

Kifundo kitatetemeka. Kiache kitetemeke, hiyo ndio kazi yake, kinarekebisha mara nyingi kwa sekunde. Kutetemeka si kuanguka.

## Hatua ya 4: Panga macho

Mwili unajua uko wima kwa njia tatu: macho, sikio la ndani, na habari kutoka kwa nyayo na viungo. Ukitaka kujua macho yanabeba kiasi gani, subiri stima ipotee usiku ukiwa kwa mguu mmoja, utashika ukuta mbio.

Kwa hivo chagua kitu kimoja kisichosonga, mbele yako mita mbili au tatu, urefu wa macho ama chini kidogo. Msumari, alama ya rangi, kona ya kabati. Pazia linapeperushwa na feni halifai. TV haifai. Kuku wa jirani hafai kabisa.

Usiangalie miguu yako. Kichwa kina uzito wa kilo nne hadi tano hivi, kikiinama kinavuta mwili wote mbele. Na usiangalie dari, hiyo ni ya baadaye sana.

Tazama kwa upole, usikodoe, usikunje uso. Rudia hatua ya 3 ukiwa na macho hapo, uone tofauti.

## Hatua ya 5: Mti

Sasa tumefika. Vrikshasana, pozi ya picha. Iko na ngazi tatu, na ngazi ya kwanza ni pozi kamili, si ya watoto.

Ngazi ya chini. Hamisha mzigo kushoto vile umejifunza. Geuza goti la kulia lielekee nje, ukianzia kwenye nyonga si kwenye goti lenyewe, weka kisigino cha kulia juu ya kifundo cha kushoto na vidole vya kulia vibaki sakafuni. Mikono kifuani. Pumzi tano.

Ngazi ya kati. Unyayo wa kulia unapanda kwenye shavu la mguu wa kushoto, chini ya goti.

Ngazi ya juu. Unyayo kwenye paja la ndani, juu ya goti. Shika kifundo na mkono ukipandishe, si lazima kipande chenyewe, na mkono ule mwingine uwe kwa ukuta.

Umeona sijataja goti lenyewe? Usiweke unyayo pembeni ya goti, hata siku moja. Goti limetengenezwa kukunja mbele na nyuma, halipendi kusukumwa kutoka kando, na kwa Mti unalisukuma kutoka kando na nguvu ya mguu mzima. Chini ya goti ama juu yake, basi. Kama unyayo unateleza kutoka paja mpaka kwa goti, shuka ngazi ya kati na usiwe na kiburi.

Siri ya kukaa hapo ni kusukumana: unyayo unasukuma paja, na paja linasukuma unyayo kwa nguvu ile ile. Wengi wanafanya nusu, unyayo unasukuma tu na nyonga inatupwa nje, alafu wanaanguka upande huo huo. Paja lazima lijibu.

Goti la kuinua haliwezi kuelekea kando kabisa kwa kila mtu, umbo la mifupa ya nyonga linatofautiana. Likielekea mbele kidogo ni sawa. Ukililazimisha, kiuno kizima kinazunguka na ile mifupa miwili ya mbele haiangalii mbele tena, hapo umebadilisha balansi kwa ajili ya picha.

Mikono juu ni ya mwisho. Kwanza kifuani pumzi tano bila shida, ndio uinue. Ikiinuka mbavu hutaka kutoka mbele, zirudishe. Mwenye presha abaki na mikono kifuani.

Alafu kushuka, manake watu wanafanya pozi nzuri na kuharibu hapo mwisho kwa kuanguka nje yake. Leta mikono kifuani, rudisha goti mbele, teremsha mguu pole pole mpaka usimame kwa Mlima, pumua mara mbili, ndio ubadilishe upande. Kushuka vizuri ni nusu ya mazoezi.

Umefaulu kama: pumzi tano kila upande kwa ngazi yoyote, ukigusa ukuta mara moja ama mbili na kidole tu. Ndio, kugusa kunaruhusiwa. Kidole kimoja ukutani hakibebi uzito wako, kinaupa mwili habari ya mahali ulipo, na hiyo peke yake hutuliza mtu sana.

## Hatua ya 6: Shujaa wa tatu, na mikono ukutani

Virabhadrasana ya tatu ndio ile mwili unalala kama herufi T. Usiijaribu katikati ya chumba. Ianze hivi.

Simama ukiangalia ukuta, weka viganja ukutani urefu wa nyonga. Rudi nyuma pole pole ukiinama kutoka kwa nyonga mpaka mikono na mgongo viwe mstari mmoja na miguu iwe chini ya nyonga. Kama mgongo umepinda kama upinde ama nyuma ya mapaja inavuta sana, kunja magoti yote mawili kidogo.

Hamisha mzigo kwa mguu mmoja. Tumerudi pale pale, unaona? Alafu inua mguu ule mwingine nyuma, usipite urefu wa nyonga. Vidole vyake viangalie sakafu. Vikianza kuangalia kando, nyonga imefunguka na mwili umeanza kuzunguka, utatupwa.

Mwambie mtu akuwekee daftari jepesi mgongoni, pale chini kwa kiuno. Likikaa, nyonga ziko usawa. Likiteleza upande mmoja, shusha mguu wa nyuma mpaka likae. Afadhali mguu uwe chini na daftari likae kuliko mguu uwe juu na kiuno kipinde.

Ukizoea, geuza: badala ya ukuta tumia mgongo wa kiti kizito, baadaye vidole tu juu ya kiti. Kuachilia kabisa ni mwisho, na si haraka.

Onyo: mgongo wa chini ukiuma, shuka. Kuungua kwa tako la mguu wa kusimama ni kawaida na ni dalili nzuri.

## Zile zingine

Nusu mwezi, Ardha Chandrasana, inakuwa rahisi ajabu ukiwa umeegemea ukuta. Mgongo ukutani, stuli ya jikoni mbele ya kidole cha mwisho cha mguu wa kusimama umbali wa kama sentimita 30, mkono wa chini juu ya stuli, inua mguu wa juu mpaka urefu wa nyonga, kisigino, matako na mabega vikigusa ukuta. Macho yabaki mbele, usiangalie juu.

Tai, ile ya kusokota miguu na mikono, mimi siwapi wanaoanza na miguu imesokotwa kamili. Vuka paja juu ya lingine, vidole vya mguu wa juu viguse sakafu ama stuli, inatosha. Kama goti linalalamika, achana nayo, hakuna mtihani.

## Kama bado unaanguka

Unaanguka upande wa nje wa mguu wa kusimama: mzizi wa kidole gumba umeinuka. Ubonyeze chini.

Unaanguka upande wa mguu wa kuinua: hukuhamisha mzigo wote. Karatasi.

Unaanguka nyuma: mzigo kwa kisigino, ama umefunga goti.

Misuli ya unyayo inakaza na kuuma katikati ya pozi: vidole vinang'ang'ania. Shuka, tikisa mguu, panua vidole, rudi. Mara nyingi hupungua baada ya wiki chache nyayo zikipata nguvu.

Upande mmoja mzuri, mwingine mbaya: karibu kila mtu yuko hivo. Anza na upande mbaya ukiwa bado na nguvu, na uurudie mwishoni.

Jana ulikaa vizuri leo huwezi: umelala vipi? Balansi inashuka na uchovu, homa, hata mawazo. Siku hiyo fanya hatua 1 mpaka 4 uende zako.

Goti linauma kwa ndani, ama kichwa kinazunguka: simamisha. Hiyo si ya kuvumilia.

## Uifanye mara ngapi

Dakika kumi kila siku zinashinda saa moja Jumamosi, hapo sina mjadala. Balansi ni kitu mfumo wa neva unajifunza kwa kurudia rudia. Wiki mbili za kwanza kaa hatua ya 1 hadi 4 tu, wiki ya tatu ingiza Mti ngazi ya chini, na Shujaa usimguse mpaka Mti ukae pumzi tano pande zote mbili. Wengine watachukua miezi miwili na ni sawa.

Pia chomeka kidogo kidogo kwa siku: ukipiga mswaki, ukingoja kwa laini ya M-Pesa, ukiosha vyombo. Isipokuwa karibu na jiko lenye moto ama sufuria ya chai, hapo simama na miguu yote miwili tafadhali.

Na kama unajiuliza kama sekunde kumi kwa mguu mmoja ni kitu cha kujivunia, mwaka 2022 jarida la British Journal of Sports Medicine lilichapisha utafiti kutoka Brazil wa watu 1,702 wenye miaka 51 hadi 75, na karibu mmoja kwa kila watano alishindwa kukaa hizo sekunde kumi. Walioshindwa walikuwa pia na hatari kubwa zaidi ya kufariki miaka iliyofuata. Haisemi kwamba balansi mbaya ndio inaua, wengi wao walikuwa na magonjwa mengine, lakini mpigie mzazi wako simu umwambie aanze hatua ya kwanza na kiti.

## Kutoka ukutani

Ukikaa Mti pumzi tano bila kugusa kitu, siku tatu mfululizo, sogea hatua moja kutoka ukutani. Baadaye toka nje. Nyasi za Jomo Kenyatta Sports Ground pale Kisumu, Nyayo Gardens kwa watu wa Nakuru, Muliro Gardens Kakamega, popote pana nyasi fupi. Nyasi ni ngumu kuliko simiti, ardhi si sawa na watu wanapita mbele ya macho yako, kwa hivo shuka ngazi moja siku ya kwanza. Angalia miiba na vioo kabla ya kuvua viatu.

Macho kufungwa ndio ya mwisho kabisa, na inafanyiwa ndani. Simama kwenye kona mahali kuta mbili zinakutana, mgongo ukielekea kona, kiti kizito mbele yako. Mlima kwanza, macho yamefungwa, miguu miwili. Alafu hamisha mzigo, inua kisigino tu. Alafu sentimita mbili. Utaanguka mapema kuliko ulivyozoea, sekunde mbili tatu, na ukuta utakushika. Ukifikisha tano bila kugusa kuta wala kiti, badilisha mguu.